Ukimya (haiba)

Ukimya ni tabia ya mtu au mnyama anayependa utulivu, asiyetoa sauti sana na anayehitaji muda wa kuwa peke yake ili kurudisha nguvu. Katika saikolojia tabia hii ni sehemu ya haiba, yaani mwelekeo wa kudumu unaomtofautisha mmoja na mwingine. Si ugonjwa, si kiburi, wala si dalili ya akili ndogo.

Hata hivyo, kunyamaza kunaweza pia kutokana na hofu, maumivu au maradhi. Kwa hiyo anayeishi na ndugu mkimya, au anayefuga paka au mbwa mtulivu, anahitaji kutofautisha ukimya wa asili na ukimya uliozuka. Kipimo kinachosaidia zaidi ni kumlinganisha mhusika na mazoea yake mwenyewe, si na jirani yake.

Maneno yanayokaribiana

Mkimya au mnyamavu ni yule asiyesema sana. Mpole ni mtu asiye na ukali, hata kama ni msemaji. Haya ni staha inayomzuia mtu kutenda lisilofaa, nayo husifiwa. Aibu au soni ni hofu ya kutazamwa au kuchekwa. Mkimya anaweza kukosa soni kabisa: akiulizwa hujibu bila wasiwasi, kisha hunyamaza kwa sababu amemaliza. Mwenye soni hutamani kusema, lakini hofu humzuia.

Methali za Kiswahili zina mitazamo tofauti. "Debe tupu haliachi kuvuma" hukemea maneno mengi. "Kimya kingi kina mshindo mkuu" huonya kwamba nyuma ya ukimya huenda kuna jambo kubwa. Wakati mwingine hutumiwa kumshuku mtu ambaye hana lolote analoficha.

Historia ya utafiti

Daktari Mswisi Carl Gustav Jung (1875–1961) alieneza dhana ya watu wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za haiba. Mwaka 1925 alisafiri hadi Afrika Mashariki akakaa kwa muda kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Jung alisisitiza kuwa hakuna mtu aliye wa upande mmoja tu.

Hans Eysenck (1916–1997), aliyefanya kazi London, alieleza kwamba ubongo wa mtu wa kuelekea ndani huamshwa upesi na kelele na msongamano, hivyo huchoka mapema. Nchini Marekani, Jerome Kagan alifuatilia watoto tangu wakiwa na umri wa miezi 4. Waliosisimka sana walipooneshwa vitu vipya walielekea kuwa waangalifu na wakimya walipokua, ingawa si wote. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi huchangia karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya watu. Zinazobaki hutokana na mazingira na mambo yanayompata mtu maishani.

Katika familia

Mkimya hueleweka vibaya hasa pale ambapo maneno huchukuliwa kuwa kipimo cha upendo. Mkamwana mgeni asiyechangia mazungumzo hudhaniwa kuwa anawadharau wakwe zake. Mjomba anayeondoka mapema sherehe ikiendelea huambiwa ana kinyongo. Mwanafunzi asiyenyoosha mkono darasani huhesabiwa kuwa mzito, hata kama madaftari yake yanaonyesha vingine.

Yafuatayo husaidia:

* Kumpa muda baada ya swali. Wakimya wengi hufikiri kwanza, kisha husema.
* Kuzungumza naye mkiwa na kazi ya mikono, kama kumenya viazi au kupukuchua mahindi, badala ya kumweka mbele ya watu.
* Kutomtambulisha kwa wageni kwa maneno kama "huyu hasemi". Mtoto anayesikia hivyo kila siku huishia kuamini kwamba ndivyo alivyo.
* Kutambua vitendo vyake. Anayechota maji bila kuagizwa, au anayekaa na mgonjwa usiku kucha, amesema mengi.

Mifano ya Njombe na Makambako

Njombe ni mji wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Makambako, yapata kilomita 60 kaskazini kwake, ipo kwenye njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na ile ya kwenda Songea, na ina kituo cha reli ya TAZARA. Wakimya na wasemaji wapo katika miji yote miwili. Mazingira hubadilisha jinsi ukimya unavyopokelewa.

Muuza duka karibu na stendi ya Makambako hutegemea kuwaita wasafiri, hivyo asiyesema huitwa mwenye maringo. Mtu huyohuyo akilima viazi Njombe anaweza kupitisha siku nzima bila kuulizwa kwa nini amenyamaza. Katika baridi ya Juni na Julai familia hukusanyika kwenye moto wa jikoni, na mkimya hukosa mahali pa kupumzika. Anayetoka mara kwa mara kufuata kuni huenda anatafuta tu nafasi. Salamu pia ina uzito: anayetoa "shikamoo", au "kamwene" kati ya Wabena, kisha akakaa kimya, ametimiza heshima.

Kwa wanyama wa nyumbani

Mwaka 1999 Samuel Gosling na Oliver John walipitia tafiti za spishi 12 za wanyama, wakaona kwamba tofauti kati ya wachangamfu na watulivu zipo katika nyingi kati ya hizo. Malezi ya mwanzo nayo yana nguvu. Paka anayeshikwa na watu kwa upole akiwa na umri wa wiki 2 hadi 7 huwazoea kwa urahisi. Kwa mbwa kipindi hicho ni takriban wiki 3 hadi 12. Kwa hiyo paka aliyezaliwa ghalani na kuachiwa kazi ya panya tu huwakimbia watu kwa kukosa mazoea, si kwa ubaya. Vilevile mbwa aliyekulia shambani akipelekwa karibu na stendi anaweza kujificha kila lori linapopiga honi.

Mnyama wa aina hii asivutwe kutoka alipojificha. Aachiwe pembe tulivu, chakula kiwe mahali pamoja, na asogee mwenyewe. Mbwa anayegeuza kichwa, kulamba midomo au kupiga miayo bila usingizi mara nyingi anaomba nafasi. Akipigwa kwa sababu ya kunguruma anaweza kujifunza kuuma bila kuonya.

Ukimya unaohitaji msaada

Mabadiliko ndiyo dalili. Mchangamfu anayenyamaza, akapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda na kukosa usingizi kwa wiki 2 au zaidi, huenda ana sonona na anahitaji kupelekwa kituo cha afya. Mzee anayeacha kuchangia mazungumzo huenda hasikii vizuri. Mtoto anayenyamaza ghafla na kumwogopa mtu fulani huenda anafanyiwa ukatili. Nchini Tanzania taarifa hutolewa bure kwa simu namba 116 au katika dawati la jinsia na watoto la polisi. Mkimya wa asili naye hupatwa na haya, na kwake hugunduliwa kwa kuchelewa kwa sababu nyumba imezoea kimya chake.

Paka huficha maumivu. Akijitenga na kuacha kula kwa siku nzima apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kwa mbwa, kichaa hakiji kwa ukali peke yake. Kipo cha kupooza, ambapo mbwa hutulia, taya hulegea, mate hutiririka na miguu hukosa nguvu. Mbwa mkali aliyekuwa mpole ghafla asishikwe wala kuchunguzwa mdomoni kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Aliyeumwa au kuguswa na mate yake kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, kwa maana dalili zikishaanza ugonjwa huo huua karibu kila mara.

Tazama pia

* Haiba
* Sonona
* Kichaa cha mbwa
* Mkoa wa Njombe
* Makambako