Kufundisha watoto wadogo mtandaoni: Mambo 6 ambayo mwalimu anapaswa kuyajua

Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba 12, lakini watoto wa chekechea walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Walimu wengi walianza kufundisha kwa WhatsApp na Zoom bila maandalizi. Kujua kutumia simu ni jambo moja, kumfundisha mtoto wa miaka 5 aliye mbali ni jambo lingine.

1. Kipindi kiwe kifupi
Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Kwa hiyo ratiba ya darasani haihamishwi nzima nzima kwenye simu. Dakika 15 zinatosha, kisha mtoto aende kufanya kazi.

2. Kazi ifanyike nje ya simu
Mtoto ahesabu maharagwe au vifuniko vya soda. Atafute vitu vinavyoanza na herufi "m" nyumbani: meza, maji, mkeka.

3. Mzazi aelekezwe mapema
Mwambie jana yake vitu vinavyohitajika. Mzazi anayerudi jioni apewe kazi inayofanyika jioni. Ukiona mwandiko umenyooka kupita kiasi, huenda si wa mtoto. Omba mtoto aeleze jibu kwa sauti iliyorekodiwa.

4. Bando ni pesa
Video hula bando kuliko sauti au picha. Asiye na simu janja apigiwe au atumiwe SMS. Redio pia inasaidia: mwaka 2020 masomo ya KICD yalirushwa kupitia KBC.

5. Zamu kwa kila mtoto
Zima maiki zote, kisha ita mmoja mmoja kwa jina. La sivyo wachangamfu watajibu kila swali, na mwenye haya atapotea humo humo darasani.

6. Usalama kwanza
Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Linki ya darasa isisambazwe ovyo, iwe na nenosiri. Mwalimu asichati faraghani na mtoto, mawasiliano yapitie kwa mzazi.

Zaidi ya yote, weka orodha ya mahudhurio. Mtoto akipotea wiki nzima, usidhani ni mvivu. Pengine bando limeisha, simu imeharibika au familia imehamia kijijini. Piga simu nyumbani kwao, maana asipotafutwa sasa, atafika Gredi ya 1 bila kujua herufi ambazo wenzake tayari wanazisoma.