Dhamana ya Kitu Kilichouzwa: Toka Lundo la Nafaka Mpaka Kamera ya Musoma

Ukinunua kamera mpya dukani, ndani ya boksi lake utakuta karatasi ndogo ambayo watu wengi hawaisomi. Ni karatasi ya dhamana, au waranti kama wanavyoiita wenye maduka. Inasema kwamba kamera ikiharibika katika muda uliotajwa, mara nyingi mwaka mmoja, kwa kasoro iliyotoka nayo kiwandani, itatengenezwa bila ya malipo.

Vijana wetu hudhani huu ni ukarimu mpya uliobuniwa na makampuni ya Ulaya na Japani. Sivyo. Haki ya mnunuzi juu ya kitu kibovu ni ya zamani kuliko kamera yenyewe. Basi na tuitazame historia yake, kisha tuone inavyomfikia mtu aliye mbali na bandari, kama vile mpiga picha wa Mkoa wa Mara.

MKONO NDANI YA LUNDO

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula kinachouzwa. Akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikapata umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, yule akajibu kwamba kilinyeshewa na mvua. Bwana Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu ile sehemu iliyorowa ili watu waione, kisha akamkana kila mwenye kudanganya. Tazama vizuri, ewe msomaji: mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara yule. Kosa lake lilikuwa kuificha.

Juu ya msingi huo wanachuoni waliupanga mlango wa khiyari ya aibu, yaani hiari ya mnunuzi kurudisha kitu kwa sababu ya kasoro aliyoikuta. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameueleza katika Minhaji, kitabu cha madhehebu ya Shafii kinachojulikana sana katika madarasa ya pwani yetu. Kasoro iwe ilikuwepo kabla mnunuzi hajakipokea kitu. Aliyeigundua akirudishe mara moja. Akiwa anasali au anakula amalize, na ikiwa ni usiku angoje kukuche. Aache kukitumia, kwani anayeendelea kukitumia huhesabiwa kuwa amekiridhia. Na kitu kikipata kasoro mpya mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee kama kilivyo; itabidi wasikilizane juu ya tofauti ya thamani.

Lakini ziko kasoro zisizojulikana mpaka kitu kivunjwe. Hapo Nawawi ametaja yai, na nazi, na tikiti lililoingia wadudu. Mama aliyevunja nazi akaikuta imeoza angeijuaje bila ya kuivunja? Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, atairudisha vile vile ilivyovunjwa, wala hatozwi kitu. Ila akiharibu kupita kiasi kilichohitajika kuijua ile kasoro, basi uharibifu huo ni kasoro mpya, na ni juu yake.

MAMBO YALIVYOKUWA UINGEREZA

Mwaka 1603, katika kesi ya Chandelor na Lopus, mtu mmoja alilalamika mbele ya mahakama ya Uingereza kwamba ameuziwa jiwe kwa pauni 100. Sonara aliyemwuzia alilisifu kuwa ni bezoar, jiwe lililoaminiwa kuwa dawa ya sumu, kumbe silo. Mahakama ikaamua kwamba kule kulisifu tu si dhamana. Mnunuzi akabaki na jiwe lake. Kanuni ya zama hizo ilikuwa mnunuzi ajilinde mwenyewe. Ilichukua karne karibu tatu mpaka Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1893 ikaandika wazi kwamba mali inayouzwa na mfanyabiashara wa mali hiyo iwe ya kufaa kuuzwa. Sheria ya mauzo ya Tanganyika ilifuata mfano huo wa Kiingereza.

KAMERA NA KIWANDA CHAKE

Elimu iliyotangulia kamera imepitia kwa wanachuoni wa Kiislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona, na akachunguza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo na kuchora sura ndani ya chumba chenye giza.

Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100. Zikiisha, mwenyewe aliipeleka kamera nzima kiwandani Rochester. Kwa dola 10 picha zikasafishwa na kamera ikarudi na filamu mpya. Kwa hiyo tangu mwanzo wa kamera za watu wa kawaida, mwenye kamera alikuwa na uhusiano na kiwanda hata baada ya kununua. Lakini uhusiano huo ulimfaa zaidi aliyekuwa karibu na posta na reli.

SAFARI KUTOKA MARA

Musoma ipo ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zikawa njia kuu ya mizigo ya miji ya kando ya ziwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Sirari, penye njia ya kwenda Kisii na Kisumu, imo katika Mkoa huu wa Mara. Katika miaka hiyo hiyo vipuri na bidhaa za nje vilikuwa adimu madukani. Karatasi ya dhamana wakati huo, hata ukiwa nayo, ungeipeleka kwa nani?

Siku hizi njia ni barabara. Tuseme mpiga picha wa Musoma anapiga arusi za mjini, shughuli za Bunda, na wageni wanaokwenda Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 1999. Kamera yake inaanza kukwama, na picha zinatoka na giza upande mmoja. Mawakala wa makampuni wengi wapo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Itampasa aipeleke kamera kwa basi, ipitie Bunda na Mwanza, pamoja na risiti na kadi yenye muhuri wa duka, naye akae bila ya chombo cha riziki yake.

Hapo majaribu huwa matatu. La kwanza, amalize kwanza msimu wa arusi kwa kamera ile ile mbovu. Huku ni kuendelea kutumia, na kila siku kasoro inaongezeka. La pili, aifungue mwenyewe kwa kisu. Kamera si nazi. Yupo fundi awezaye kuijua kasoro yake bila ya kuiharibu, na dhamana nyingi hukoma mara inapofunguliwa na asiyeruhusiwa. La tatu ndilo baya zaidi: iwe kamera ilianguka ziwani, akaikausha, akaipangusa, kisha akasema imekufa yenyewe. Huyu amefanya kama mwenye nafaka: juu pakavu, chini pamerowa. Na fundi atakapoifungua, kutu itatoa ushahidi.

Ama muuzaji naye asijifiche nyuma ya maandishi ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa Nawawi, sharti la kujitoa katika kila kasoro halimwokoi muuzaji, isipokuwa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 ina sehemu zake juu ya masharti yanayomlinda mnunuzi na wajibu wa mtengenezaji. Muuzaji aseme mapema dhamana ni ya nchi gani, maana ziko kamera zinazoletwa kutoka Dubai au Ulaya ambazo kadi zake hazikubaliwi hapa. Kunyamaza juu ya hilo ni kuificha nafaka iliyorowa.

Ndugu msomaji, Sura ya Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba, wala haikubagua mkataba wa aliye karibu na wa aliye mbali. Karatasi ya dhamana ni ahadi, na kilomita 1,000 haziifuti. Zinaongeza tu idadi ya mikono ambayo amana inapitia: mwenye duka, wakala, kondakta wa basi, fundi, na mwenye kamera mwenyewe. Mmoja wao akihini, nazi mbovu harabu ya nzima. Wakiwa wakweli wote, mtu wa Musoma atapata haki yake sawasawa na wa Kariakoo. Basi weka risiti yako, soma karatasi yako, irudishe mali mapema, na useme kweli juu ya maji.