Goti limepona, lakini mchezaji anatuaje? Kipimo kinachoamua kurudi uwanjani

Novemba 19, 2023, kiungo wa Barcelona, Gavi, aliumia goti la kulia akiichezea Hispania dhidi ya Georgia. Alikuwa na miaka 19 tu. Ligamenti ya mbele ya goti, maarufu kama ACL, ilikatika. Alifanyiwa upasuaji na hakucheza tena hadi Oktoba 20, 2024. Miezi 11 nje.

Mashabiki huuliza: kidonda kinafunga mapema, mchezaji anaonekana anakimbia mazoezini, sasa anasubiri nini?

Kukimbia mbele moja kwa moja si mtihani mkubwa kwa goti. Mtihani wenyewe ni kutua.

Kwa nini kutua?

ACL huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na goti lisijizungushe kupita kiasi. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: anatua baada ya kuruka, anakata kona au anasimama ghafla.

Baada ya upasuaji, mwili hujifunza kuukwepa mguu ulioumia. Mchezaji anatua uzito ukiwa umeegemea mguu mzima, mara nyingi bila hata yeye mwenyewe kujua. Hapo yanakuwa matatizo mawili: mguu wa upasuaji unabaki dhaifu, na ule mzima unabebeshwa mzigo wa miwili.

Vijana ndio walio hatarini zaidi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takriban asilimia 23 ya wanamichezo walio chini ya miaka 25 waliorudi michezoni waliumia ACL tena, kwenye goti lile lile au la pili.

Kinapimwaje?

Mchezaji anasimama juu ya kisanduku chenye kimo cha sentimita 30 hivi. Anashuka, anatua kwa miguu yote miwili, kisha anaruka juu papo hapo kadiri awezavyo. Kamera moja inamrekodi kwa mbele, nyingine kwa ubavuni.

Mtaalamu wa fiziotherapia anaangalia haya:

- Je, miguu yote inagusa chini kwa wakati mmoja?
- Je, goti linaingia ndani?
- Je, magoti yanakunja vizuri, au anatua mkakamavu kama mti?
- Je, kiwiliwili kinalalia upande mmoja?

Vituo vyenye vifaa hutumia pia sahani maalumu zinazopima kila mguu umepokea nguvu kiasi gani. Zinanasa tofauti ambayo jicho haliioni.

Mtego wa asilimia 90

Kipimo kingine ni kuruka umbali kwa mguu mmoja. Umbali wa mguu wa upasuaji unagawanywa kwa ule wa mguu mzima. Wataalamu wengi hutaka angalau asilimia 90.

Lakini hesabu hii inaweza kudanganya. Tuseme mguu mzima sasa unaruka sentimita 140 na ule wa upasuaji 130. Hiyo ni asilimia 93, amefaulu. Kumbe kabla ya kuumia mguu huo mzima ulikuwa unaruka 160! Nao umedhoofika kwa kukaa nje muda mrefu. Ukilinganisha na 160, mguu wa upasuaji uko asilimia 81 tu.

Pia, umbali hausemi kitu kuhusu namna alivyotua. Nyonga na kifundo cha mguu vinaweza kufidia udhaifu wa goti, na futi ikasoma vizuri. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi: huongezwa kuruka juu kwa mguu mmoja na kupima nguvu za nyama za paja.

Muda nao una kazi yake

Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kuwa kila mwezi mchezaji alioongeza kusubiri, hadi kufikia miezi tisa, ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa takriban nusu. Baada ya miezi tisa, kuendelea kusubiri hakukuonyesha faida zaidi.

Kwa hiyo mzazi au kocha anayetaka dogo arudi haraka kwa sababu ya fainali, asiishie kuuliza imepita miezi mingapi. Aulize pia: anatuaje? Na jibu litoke kwa mtaalamu aliyempima, si kwa mchezaji anayesema hasikii maumivu.