Kutiririsha si Kurusha Mubashara

Matangazo ya matamasha siku hizi huahidi mambo mawili kwa pumzi moja: onyesho litarushwa mubashara, tena litatiririshwa mtandaoni. Ukiyasoma harakaharaka utadhani ni jambo moja limesemwa mara mbili kwa kusisitiza. Ni mambo mawili.

Tiririka ni kitenzi cha zamani. Maji hutiririka, machozi hutiririka, na jasho la msongamano wa daladala pia. Ilipokuja namna mpya ya kusikiliza wimbo au kutazama video huku data zikiendelea kuingia kwenye simu, bila kungoja faili zima lifike, Kiswahili kilikichukua kitenzi hicho na kukitia kauli ya kusababisha. Tukapata tiririsha, na kutoka hapo mtiririko na utiririshaji. Vijana wanasema kustrimu, na hakuna wa kuwazuia. Ila tiririsha ina sifa ambayo kustrimu haina: ukiitamka tu, sarufi inakuuliza nani anatiririsha. Si wewe uliyejinyoosha kitandani na spika za masikioni. Anayetiririsha ni seva ya kampuni iliyo mbali, wewe unatiririshiwa. Mtu akisema "jana nimetiririsha nyimbo za Bi Kidude usiku kucha", sote tunamwelewa, na sitamsahihisha mezani. Katika maelezo ya kiufundi, hata hivyo, ningeshikilia tofauti hiyo, maana inaonyesha mzigo uko kwa nani na bomba liko mikononi mwa nani.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Faili la wimbo au video hukatwa vipande vya sekunde chache chache. Programu iliyo kwenye simu huomba kipande cha kwanza na kuanza kukipiga, huku ikiomba cha pili na cha tatu na kuviweka akiba. Akiba hiyo ndiyo inayokuficha usijue kwamba mtandao umelegea kidogo. Ikimalizika kabla kipande kingine hakijaingia, kile kiduara huanza kuzunguka, na mtaani tunasema video inakwama. Video kwa kawaida huwekwa katika viwango kadhaa vya ubora, na programu hupima kasi ya mtandao kila wakati. Ndiyo maana uso wa mwimbaji hugeuka ghafla kuwa vimirabamiraba, kisha ukang'aa tena. Simu haina ubovu. Imeomba kipande chepesi ili wimbo usikatike.

Teknolojia hii si ya jana. Mwaka 1995 kampuni ya Rob Glaser ya Seattle, Marekani, ilitoa RealAudio, iliyopitisha sauti kwenye laini za simu za nyumbani. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilianza kusikika bila mtu kungoja faili lote.

Kinyume cha kutiririshiwa ni kupakua, na hapa tafsiri ilipata bahati. Kupakua ni kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini, na pia ni kushusha shehena chomboni. Katika maana zote mbili kitu kinakufikia na kinabaki kuwa chako. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za taarabu, santuri zilivuka bahari, na aliyenunua moja aliweza kuipiga mpaka iishe makali bila kumlipa mtu senti ya pili. Leo sauti hiyohiyo unaweza kuipata mtandaoni, lakini ukifunga programu hubaki na kitu. Kesho ukiitaka, itaanza safari upya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, Watanzania wengi walikwama mtandaoni. Aliyekuwa na nyimbo kwenye memori kadi aliendelea kusikiliza kama kawaida.

Sasa tuje kwenye bando. Wimbo wa dakika nne ukipigwa kwa kiwango cha kati cha kilobiti 160 kwa sekunde hutumia takribani MB 5. Wimbo huohuo ukiutazama kama video inayohitaji megabiti moja kwa sekunde, unakula MB 30. Yaani anayeweka video kisha akageuza simu kifudifudi ili asikilize sauti tu anatumia data mara sita ya jirani yake. Akirudia mara kumi, MB 300 zimekwenda kwa wimbo mmoja. Zipo programu zinazoficha nakala ya muda ili marudio yasigharimu tena, lakini nakala hiyo hufutwa bila kukuaga.

Klipu fupi zina hila yao. Unacheka na mtu aliyeanguka kwenye tope, na kabla hujasogeza kidole, klipu inayofuata imekwisha kuanza kuingia ili isichelewe kufunguka. Usipoitazama, data zake zimekwenda vilevile. Anayelalamika kwamba bando limeisha na hajaangalia kitu huenda hasemi uongo.

Utiririshaji umebadilisha pia hesabu. Kwa kuwa kila mpigo unatoka kwenye seva, kila mpigo unahesabika. Nyimbo zinazoingizwa kwenye memori kadi na kijana mwenye kompyuta pembeni mwa stendi hazihesabiwi na yeyote, na msanii hapati kitu. Kinachotoka kwenye utiririshaji ni kidogo kwa kila mpigo, na wasanii wana haki ya kulalamika, lakini angalau kuna daftari. Daftari lenyewe liliwahi kuwafikisha YouTube mahali ambapo hawakupategemea. Kihesabio chao kilitengenezwa kisivuke 2,147,483,647, kwa kudhani hakuna video itakayotazamwa kiasi hicho. Desemba 2014 walitangaza kwamba "Gangnam Style" ya PSY wa Korea Kusini imewalazimisha kukipanua. Kituko kile cha kucheza kama mtu anayeendesha farasi kiliwashinda wahandisi hesabu.

Nirudi kwa mubashara. Neno hili limetoka Kiarabu, lenye maana ya moja kwa moja, na Tanzania limeota mizizi kupitia televisheni. Kenya wengi bado husema moja kwa moja au laivu. Linaeleza wakati: tukio linakufikia likiwa linatokea. Tiririsha linaeleza njia ya kufikisha. Mechi ya Simba na Yanga redioni ni mubashara lakini haitiririshwi, maana inakuja kwa mawimbi. Taarabu iliyorekodiwa miaka mingi iliyopita hutiririshwa lakini si mubashara. Mechi hiyohiyo kwenye simu ni vyote viwili, na hapo ile akiba ya sekunde chache hujitokeza kwa namna ya kuudhi: jirani mwenye redio anashangilia bao, wewe kwenye kioo chako mpira bado uko katikati ya uwanja. Mubashara ya mtandaoni huchelewa kwa sababu inatiririshwa.

Basi waandishi wa habari za burudani, andikeni "litarushwa mubashara mtandaoni" pale tukio linapotokea saa hiyohiyo. Kama ni marudio, "litatiririshwa" inatosha, na mubashara muiache. Nawe msomaji, wimbo unaourudia kila siku upakue ukiwa kwenye Wi-Fi, kwenye programu inayomlipa msanii. Bando liache kwa ajili ya mechi.