Geoffrey Keen: Mkubwa wa ‘Born Free’ aliyejulikana kwa sura kuliko jina

NARO MORU, mji mdogo wa Nyeri ulio chini ya Mlima Kenya, una nafasi yake katika historia ya sinema. Ni katika eneo hilo ambako filamu ya Born Free, iliyotolewa mwaka wa 1966, ilipigwa.

Wanaoikumbuka filamu hiyo humtaja simba Elsa, pamoja na Virginia McKenna na Bill Travers walioigiza kama Joy na George Adamson. Ni wachache wamkumbukao Geoffrey Keen, aliyeigiza kama Kendall, mkubwa wa George kazini.

Hata hivyo, bila Kendall hakuna kisa. Ndiye anayewaambia akina Adamson kwamba simba aliyekomaa hawezi kuendelea kufugwa nyumbani, na kwamba yafaa apelekwe katika bustani ya wanyama. Joy anapokataa na kuomba Elsa afunzwe kuishi mwituni, ruhusa inatoka kwa Kendall. Keen hakumfanya kuwa adui, bali rafiki aliyebanwa na wajibu wa ofisi.

Kuigiza wenye mamlaka ndiko kulikompa Keen riziki kwa miongo kadhaa. Alizaliwa Uingereza mnamo Agosti 21, 1916, akiwa mwana wa mwigizaji Malcolm Keen.

Katika The Third Man (1949) alikuwa polisi wa kijeshi, na katika Genevieve (1953) akawa polisi tena. Katika Doctor Zhivago (1965) alikuwa profesa wa udaktari, na katika Cromwell (1970) akawa mbunge John Pym. Kwenye runinga ya Uingereza, kati ya 1965 na 1972, aliigiza kama Brian Stead, mkuu katika kampuni ya mafuta, katika mfululizo wa Mogul ambao baadaye uliitwa The Troubleshooters.

Kuanzia The Spy Who Loved Me (1977) hadi The Living Daylights (1987), alikuwa Waziri wa Ulinzi katika filamu sita za James Bond. Roger Moore aliondoka, Timothy Dalton akaingia, lakini waziri alibaki yule yule.

Hali ilikuwa hivyo pia katika kisa cha Elsa. Living Free ilipotolewa mwaka wa 1972, nafasi za akina Adamson zilichukuliwa na Susan Hampshire na Nigel Davenport. Keen alirudi kama Kendall, naye Peter Lukoye akarudi kama Nuru. Omar Chambati, aliyekuwa Makkede katika filamu ya kwanza, hakuwemo. Wao pia ni wa kundi la waigizaji wanaoibeba filamu bila picha zao kuwekwa kwenye mabango.

Swali la Kendall halikuishia kwenye sinema. Baada ya upigaji picha, ilibidi kuamua hatima ya simba waliotumiwa. George Adamson aliwachukua watatu, Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru kuwafunza kujitegemea mwituni. Mwaka wa 1984, McKenna na Travers walianzisha kampeni ya kutetea wanyama waliofungiwa, ambayo baadaye ikawa Wakfu wa Born Free.

Keen alifariki Novemba 3, 2005, akiwa na umri wa miaka 89.