Utani Usio na Mtani

Mwezi Agosti 2012, watumiaji wa Facebook nchini Australia waliripoti ukurasa uliokusanya picha za dhihaka dhidi ya Waaborijini, wenyeji asilia wa bara lile. Picha hizo ziliwachora kuwa walevi, wanusaji wa petroli na wavivu wanaoishi kwa fedha za umma. Kampuni haikuuondoa ukurasa mara moja. Iliubandika lebo ya kueleza kwamba ule ni mzaha wenye utata. Maelfu walitia saini kupinga, waziri wa mawasiliano akakemea, na hatimaye ukurasa ukatoweka; kisha nakala zake zikaibuka.

Lebo ile inanishughulisha kuliko picha zenyewe. Sisi tuliolelewa katika utani hatuogopi mzaha mkali. Mpare na Mchaga huambiana maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani kesho kuna vita. Lakini utani una masharti yake: anayekutania leo utamtania kesho, na ukifiwa ni yeye atakayefika kukuhudumia. Wenyeji asilia, ambao wakati huo walikuwa takriban asilimia 3 ya Waaustralia, walikuwa na mtani gani pale?

Tuichukue dhihaka moja tu, ile ya mvivu anayekula fedha za serikali. Katika jimbo la Queensland, sheria ya mwaka 1897 iliwaweka Waaborijini chini ya maafisa walioitwa, bila haya, Walinzi. Kwa miongo mingi walichunga ng'ombe, walijenga uzio, walipika na kufua katika nyumba za walowezi, huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikiingizwa katika akaunti zilizoshikwa na serikali. Mfanyakazi aliyetaka fedha yake mwenyewe alilazimika kuomba ruhusa, na wengi hawakuiona kamwe. Mwaka 2019 serikali ya jimbo hilo ilikubali kulipa dola milioni 190 za Australia kumaliza kesi ya pamoja ya wafanyakazi hao na warithi wao. Kwa hiyo aliyechorwa akiila serikali huenda ni mjukuu wa mtu aliyeliwa na serikali.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini isiandikwe tu orodha ya matusi yaliyopigwa marufuku, kompyuta ikafanya kazi iliyobaki. Ni kwa sababu picha kama hiyo huenda isiwe na tusi hata moja. Ubaya wake umo katika daftari la mishahara, na msimamizi wa maudhui asiyeijua historia hiyo ataipitisha kwa nia njema kabisa.

Sheria nayo haikosekani. Tangu 1995, kifungu cha 18C cha Sheria ya Ubaguzi wa Rangi ya Australia kinakataza kumtukana au kumdhalilisha mtu hadharani kwa sababu ya rangi au asili yake. Ila kifungu hicho humsubiri mlalamikaji, yaani aliyetukanwa ndiye abebe pia mzigo wa kushtaki.

Ajabu ni kwamba uamuzi uliowashtua wenye kurasa ulitoka mlango mwingine. Julai 2016 televisheni ilionyesha mateso ya vijana katika kizuizi cha Don Dale, huko Darwin. Mmoja wao, Mwaborijini, alisingiziwa uhalifu mzito katika maoni yaliyoandikwa kwenye kurasa za Facebook za vyombo vya habari. Akavishtaki vyombo hivyo kwa kashfa, si kwa ubaguzi. Vilijitetea kwamba havikuyaandika maneno yale. Tarehe 8 Septemba 2021, majaji 5 kati ya 7 wa Mahakama Kuu walisema kwamba aliyefungua ukurasa na kualika maoni ni mchapishaji wa maoni hayo. Mwezi huohuo CNN iliwafungia Waaustralia ukurasa wake. Facebook, ambayo hadi Machi mwaka huo haikuwapa wenye kurasa njia ya kuzima maoni, haikuwa miongoni mwa walioshtakiwa.