Ballot ni kampira kadogo: kwa nini kura yako ni siri

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, lazima mtu aseme: "Turudishe mlolongo, hakuna wizi kila mtu akionekana." Kabla ukubali, hebu tuangalie neno moja tu: ballot.

2/ Neno hili lilitoka Italia, ballotta, yaani mpira mdogo. Kule Venice, wajumbe wa baraza walipiga kura kwa kutumbukiza kampira ndani ya chombo, jirani asijue kameingia upande gani. Kwa hivyo ballot haikuanza kama karatasi. Ilianza kama njia ya kuficha mkono.

3/ Waingereza walilichukua neno karne ya 16, lakini siri yenyewe wakaikataa miaka mingi. Mpiga kura alisimama mbele ya watu akataja mgombea wake kwa sauti. Mwenye shamba anasikia, mwajiri anasikia. Ukitaja jina wasilolitaka, unaweza kufukuzwa nyumba. Victoria na South Australia zilianza kura ya siri mwaka wa 1856. Uingereza ikafuata 1872.

4/ Sasa turudi nyumbani. 1988, kwenye mchujo wa chama pekee kilichoruhusiwa, watu walipanga foleni nyuma ya wagombea ama picha zao. Aliyevuka asilimia 70 aliingia bunge moja kwa moja, bila kura ya siri. Waulize wazee: kuna mahali foleni fupi ilitangazwa mshindi mchana peupe. Kuonekana hakukuzuia wizi. Kazi iliyofanywa na mlolongo ni kuonyesha wakubwa nani yuko nyuma ya nani.

5/ Ndio maana Katiba ya 2010, kifungu cha 81, inataka uchaguzi wa kura ya siri. Na mtu akikuambia upige picha karatasi yako ya kura ndio akulipe, huyo anakurudisha mlolongo. Tofauti ni kwamba foleni ni yako peke yako.

6/ Tusichanganye mambo: kura ni siri, hesabu si siri. Hesabu inafanyiwa kituoni mbele ya mawakala, na fomu ya matokeo inabandikwa mlangoni. Kama unaogopa wizi, pigania hiyo hesabu ionekane na kila mtu. Alama yako iache ibaki kati yako na debe.

7/ Kwenu kuna mtu alipanga mlolongo 1988? Muulize leo jioni alisimama nyuma ya nani, na kama alikuwa anampenda. Alafu urudi utuambie.